Ile Vidio ya Stoo ya Mama Niliifuta, na Hii Ndio Sababu

Wale mnanifuata tangu zamani mmeniuliza sana mbona ile vidio ya "kabla na baada" ya stoo ya mama haipo tena. Niliifuta. Si ati haikufanya vizuri. Manze, hiyo ndiyo vidio yangu iliyotazamwa zaidi mwaka huo. Niliifuta kwa sababu kwenye dakika ya tatu hivi, nyuma yangu, kuna jamaa anasukuma mkokoteni akitoka getini, na juu ya huo mkokoteni kuna sufuria tatu kubwa za alumini ambazo hazikuwa za kwetu.

Acha nianze mbali kidogo.

Nakaa Migori town, chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, mabati juu, choo cha kushare na watu wa ploti nzima. Kontenti yangu ilizaliwa hapo: vile mtu anaweza kuishi kwenye keja ndogo bila kukanyaga vitu vyake mwenyewe. Ndoo ndani ya ndoo, viatu kwenye neti nyuma ya mlango, nguo za baridi chini ya godoro. Na nilikuwa na sheria moja niliyoirudia hadi watu wakaanza kuniandikia hiyo sheria kabla sijaisema: kama hujakigusa mwaka mzima, kitoke.

Na kwa keja hiyo sheria inafanya kazi, sitadanganya. Mtu wa kukodi huhama. Mimi nimehama mara tatu kwa miaka miwili, na kila kitu usichotumia ni pesa unamlipa mwenye pikapu akubebee bure. Blenda iliyokufa, redio ya kaka, suruali ya kidato cha tatu unayosema utaingia tena. Tupa, uza, peana. Hapo bado nasimama.

Lakini sheria yenyewe siyo yangu, na nadhani mnajua. Nilikuwa nimeiokota huko nje. Kuna Wamarekani wawili, Joshua Fields Millburn na Ryan Nicodemus, wanaojiita The Minimalists. Wao hawangoji hata mwaka, wanauliza kama umekitumia siku 90 zilizopita na kama utakitumia siku 90 zijazo. Halafu kuna Marie Kondo wa Japani, ambaye Netflix walimleta kwa kila simu Januari 2019. Yeye anakuambia ushike kitu mkononi, usikilize kama kinakupa furaha. Nilikuwa natazama hizo vitu usiku mpaka bando inaisha, natafsiri kwa Kiswahili chetu, narekodi asubuhi.

Basi Desemba nikaenda nyumbani.

Nyumbani ni upande wa Homa Bay. Kutoka Migori unapanda hadi Rongo, unabadilisha, unabanwa ndani ya Probox na watu tisa na kuku wawili, unashuka karibu na Rodi Kopany, halafu bodaboda. Mama amezaliwa Migori, kwa hivyo pale alipoolewa hakuna anayemwita kwa jina. Ni Nyar Suna, binti wa Suna. Ana miaka zaidi ya ishirini na tano hapo na bado ni binti wa kwao. Hiyo ni kawaida yetu, lakini ina maana kwenye hii stori, mtaona.

Stoo ya mama ni chumba kidogo nyuma ya jikoni. Hakina dirisha, kina tundu tu la hewa lililozibwa na waya ya kuku. Siku hiyo niliifungua na simu mkononi, narekodi, nikicheka peke yangu. Sahani za melamini zimepangwa kwenye karai hadi kifuani. Vikombe kwenye gunia. Mwiko mrefu kama mguu wangu. Turubai la buluu. Taa ya karabai isiyo na kioo. Beseni la kuogeshea mtoto, na kwetu hakuna mtoto tangu dadangu aanze shule, na sasa yuko kidato cha pili. Chupa za chai tano, tano! Wilbaro bila gurudumu. Magongo mawili ya mbao, ya wakati baba alivunjika mguu akianguka na pikipiki. Na pale mwisho, zimegeuzwa kichwa chini juu ya matofali, sufuria tatu nyeusi ti ti ti kwa masizi. Ile kubwa mtoto wa miaka mitano angeoga ndani.

Nikamuuliza mama, ukiwa na camera lazima uulize swali lenye utapata jibu zuri, "Mama, hii sufuria ulipika lini mwisho?"

Akajibu akiwa nje anaanika mahindi, bila kugeuka: "Mimi? Sijawahi."

Nilicheka sana. Hiyo sehemu nilifanya klipu peke yake. "Sijawahi." Wasee walinitumia hiyo klipu kwa miezi.

Kesho yake mama alienda soko. Mimi nikafanya kazi. Nilitoa kila kitu nje, nikafagia, nikapaka chokaa, nikatengeneza rafu kwa mbao za kitanda cha zamani. Magongo nikayatupa kwa kuni. Na jamaa wa skrapu akapita, yule wa mkokoteni na mzani wa kuning'iniza. Mnakumbuka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu miezi kadhaa, kwa sababu watu walikuwa wanafungua minara ya stima? Ingekuwa ni wakati huo, nisingepata wa kumuuzia. Bahati yangu mbaya, biashara ilikuwa imefunguliwa zamani. Akazipima. Kwa sufuria tatu na mifuniko yake akanipa 1,400. Nikaona nimefanya deal. Nikamnunulia mama rafu ya plastiki ya vikombe, na chenji nikaweka bando.

Mama aliporudi alisimama mlangoni mwa stoo. Aliangalia muda mrefu. Nilikuwa narekodi, nikingoja ile sura ya mshangao. Akasema, "Umepaka vizuri." Akaingia jikoni. Baadaye nilisikia akikohoa kule kwa kuni, na jioni niliona magongo yamerudi nyuma ya mlango wa chumba chake. Sikuuliza. Sidhani aliona kwamba sufuria hazipo. Nilikuwa nimeweka mahali pake magunia, na kulikuwa kumeanza kuwa giza. Ama aliona, akangoja niseme. Hata leo sijui.

Nilirudi Migori tarehe mbili Januari. Simu iliingia wiki ya tatu, Jumanne, saa moja asubuhi. Mama hapigi asubuhi.

"Nyathina, zile sufuria kubwa uliziweka wapi?"

Mzee wa boma la tatu kutoka kwetu alikuwa amefariki. Mwili ungetoka mochari Ijumaa, mazishi Jumamosi. Watu wa huku mnajua hesabu ya hiyo wiki: kuanzia Alhamisi hakuna mtu anapikia watu wanane, unapikia watu mia mbili. Wali, nyama, kabichi, ugali wa kusongwa na wanaume wawili. Na akina mama walikuwa wamefika kwetu na mkokoteni wao, kuchukua sufuria. Walikuwa wamekaa nje chini ya mwembe wakati mama ananipigia. Nilisikia sauti zao.

Nikamwambia nimeziuza.

Alinyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kusikika nje, "Haya, sawa, nitawaambia." Akakata.

Hapa ndipo nilijua mambo ambayo nimeishi nayo miaka yote bila kuyaona. Zile sufuria ni za kikundi. Akina mama kumi na sita, wanachanga kila mwezi, nyoluoro, ile ya kupokezana zamu kwa zamu. Miaka kadhaa iliyopita walikubaliana zamu moja isiende kwa mtu, iende kwa vyombo. Wakanunua sufuria, sahani mia na ishirini, vikombe, turubai, karai. Mwanachama akifiwa au akiwa na sherehe anachukua bure. Asiye mwanachama analipa kidogo. Sasa vitu kama hivyo vinahitaji mtu wa kuviweka, na mtu huyo hachaguliwi kwa sababu ana nafasi. Nyumba zilizo na nafasi ni nyingi. Walimchagua mama, mtu wa kuja, Nyar Suna. Ni cheo ambacho hakuna aliyeniambia ni cheo.

Kwa hivyo "sijawahi" lilikuwa jibu la ukweli mtupu. Hajawahi kuzipikia. Yeye anazitunza, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Nilipanda gari siku hiyohiyo. Sina kitu cha kujivunia hapo, nilienda kwa sababu ningeshindwa kulala. Jamaa wa skrapu nilimfuata hadi kwa bosi wake. Sufuria zilikuwa zimepondwa na kupelekwa zamani. Matanga ilipikiwa kwa sufuria za kuazima kutoka kikundi cha ng'ambo ya barabara, na walizilipia. Mama alilipa. Alitoa pesa yake ya mbegu. Na aliwaambia wenzake kwamba yeye ndiye aliyeziuza, kwamba alidhani zimetoboka. Mwanamke ambaye hajawahi kupoteza kijiko.

Niliosha sahani usiku huo pale kwa mazishi, na wamama walifurahi kuona kijana wa simu ameshika sufuria. Ndipo niliona alama. Hebu geuza sahani ya nyumbani kwenu sasa hivi uangalie chini. Ukipata nukta ya rangi ya kucha, ile kutex, hiyo ndiyo ninayosema. Kila boma lina rangi yake na mahali pake: nukta moja nyekundu katikati, nukta mbili za zambarau ukingoni, mstari mweupe. Vijiko vinapigwa tupa kwenye mkono, alama moja au mbili. Sufuria haziwezi kupakwa rangi chini kwa sababu zinakaa kwa moto, kwa hivyo herufi zinatobolewa kwa msumari kuzunguka ukingo, nukta kwa nukta. Zile tatu zilikuwa na herufi za kikundi. Zilikuwa chini ya masizi. Ningezisugua kwa dakika mbili ningeona. Sikusugua kwa sababu kwenye vidio uchafu unapendeza ukiwa kwa "kabla".

Saa kumi za usiku, sahani mia nne za maboma kumi na mawili zikiwa zimechanganyika kwenye beseni moja, wale wamama walizipanga kwa tochi ya simu bila kelele. Hii ya kwa fulani. Hii ya kanisa. Hii haina alama, ni ya wageni wa Nairobi, iweke kando. Mimi nimefundisha watu elfu kadhaa kupanga vitu na sijawahi kuona kupanga kama kule.

Halafu kuna daftari. Mama analo, la kurasa 96, limefunikwa na karatasi ya kalenda. Tarehe, jina, kitu, idadi, kimerudi lini. Nilisoma lote. Yale magongo, ambayo mimi nilijua ni ya baba, yameenda kwa watu sita. Beseni la mtoto limezunguka kijiji mara nyingi kuliko chifu. Ukipima kwa mwaka wa nyumba yetu, vile vitu havijatumika. Ukipima kwa mwaka wa kijiji, havijapumzika.

Na ndiyo maana siku hizi ile hesabu ya siku 90 naiona kama hesabu ya mtu anayeishi peke yake karibu na supamaketi. Magongo hayampi mtu furaha. Hakuna siku 90 unazopanga kuvunjika. Kondo simlaumu, yeye alikuwa anaongea na watu wake; tena Januari 2023 alisema wazi, Washington Post wakaandika, kwamba baada ya mtoto wa tatu amelegeza kamba, nyumba si safi kama zamani. Mimi ndiye nilichukua dawa ya mgonjwa mwingine nikampa mama.

Dani yetu, nyanya yangu, alikuwa na dero. Wadogo hamjui: ghala la fito za kufuma, limeinuliwa lisiguse ardhi, paa la nyasi linainuliwa kwa mti kama mfuniko wa sufuria. Mtama wa Agosti uliingia mle kungoja Aprili. Hakuna mtu angemwambia dani, huu mtama hujaugusa miezi mitatu, utoe.

Mama amenisahihisha pia kwa upande wa kuhifadhi kwenyewe, na hapa wale mnaotaka tipsi chukueni kalamu. Rafu zangu za mbao alizitoa ndani ya mwezi. Mchwa walikuwa wameshapanda kutoka sakafuni. Ndiyo maana yake ilikuwa matofali, na matofali hayagusi ukuta. Sufuria hugeuzwa kichwa chini ili mende na panya wasizae ndani, lakini unaweka kijiti chini ya ukingo hewa ipite, la sivyo inanuka. Chupa ya chai haifungwi kizibo ikikaa, utakuja kuifungua mwaka ujao na harufu yake itakufukuza. Turubai lililorudi na umande halikunjwi siku hiyo hata kama umechoka, linaanikwa, kwa sababu joto letu la ziwa litalijaza ukungu kwa wiki moja. Plastiki nyembamba haifunikii nguo, inafanya jasho. Blanketi hutolewa juani kila Desemba. Na dawa ya nondo haikai chumba kimoja na sahani, tafadhali.

Lakini usichukue hata hayo kama sheria. Mama mdogo ameolewa Nyatike, upande wa chini wa Mto Kuja. Huko mambo ya matofali ni mzaha. Mto ukivunja kingo, kama kwenye zile mvua za 2024, maji yanaingia hadi juu ya kitanda. Yeye vyeti vya watoto, blanketi za ziada na mbegu vinakaa juu darini, vimefungwa kwa mtungi wa plastiki uliokatwa shingo. Kwake "chini ya kitanda" ni mahali pa vitu ambavyo uko tayari kupoteza. Kabla ya kupanga stoo, uliza maji hutokea wapi: juu au chini.

Kuna kitu kimoja sikukionyesha kwenye ile vidio. Kwenye kona ya stoo, juu ya matofali yake yenyewe, kuna sanduku la bati. Lile la bweni, kila mtu aliyeenda shule ya kulala Kenya analijua, na kufuli yake na jina lako kwa rangi nyeupe. Nililibeba kidato cha kwanza, nikalibeba hadi kampasi, likarudi nyumbani mwaka wa pili nilipoacha. Ndani kuna koti jeupe la maabara, notisi, koili ya kuchemshia maji, shuka. Siku ile ya kurekodi nilitaka kulitoa. Mama alikuwa bado hajaenda soko. Akasema, "Hilo acha," na nikajua sauti hiyo haina mjadala.

Baada ya matanga nililifungua. Koti lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Si mara moja. Lilikuwa na mikunjo mipya juu ya ile ya zamani, na lilinuka jua. Kila Desemba linatoka na blanketi. Hatujawahi kuongea juu ya kampasi tangu nirudi, na hatukuongea siku hiyo pia. Nililikunja nikalirudisha. Sijui kama nitarudi. Nikiwa mkweli, sidhani. Lakini sikulitoa, na hamtaliona kwenye vidio yoyote.

Ilinichukua hadi Mei kununua sufuria. Tatu, na mifuniko, 13,500, na hapo nilikuwa nimeuza ile taa yangu ya kurekodi na kamera ndogo. Niliwaambia akina mama ukweli kwenye mkutano wao, chini ya mwembe uleule. Mmoja, Nyar Kabondo, alisema walijua tangu siku ya kwanza, maana waliniona kwenye simu ya mjukuu wake nikicheka na mkokoteni nyuma. Wakaninyamazia. Waliniachia mwenyewe.

Nilitoboa herufi mwenyewe, msumari na nyundo, nukta kwa nukta kuzunguka ukingo. Mama akaleta daftari, akanipa kalamu. "Andika." Nikaandika tarehe ile ya Desemba, jina langu, sufuria kubwa tatu na mifuniko. Kwenye safu ya mwisho, ya kurudisha, hakuniruhusu kuandika. Alichukua mifuniko mmoja mmoja akaujaribu. Wa kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu ulizama ndani ya sufuria ukapiga kelele chini. Nilikuwa nimeuziwa saizi ndogo na sikupima.

Kwenye daftari imeandikwa: sufuria tatu, mifuniko miwili. Mmoja bado nadaiwa.